Hodi ya Gervas

Haya, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, na mwenye simu aigeuze kifudifudi, maana hadithi hii imetokea humo humo ndani ya simu na sitaki mtu aifuate kabla sijamaliza. Kusikiliza ni bure. Ila mwishoni nitataka jibu kwa kila mmoja wenu, na "sijui" sipokei.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nasimiyu wa Bungoma, mwenye masikio. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Kanisa zima likiimba, yeye anamnyooshea mtu mmoja kidole na kumwambia, "Wewe leo hujanywa maji." Na kweli hajanywa.

Wa pili ni Kasembe wa Masasi, mwenye macho. Alikuwa mshika kibendera kwenye mechi za mtaani, na mshika kibendera haangalii sura, anaangalia miguu. Mfunike mtu gunia kichwani, mpitishe mbele ya Kasembe, atakutajia jina lake kwa jinsi anavyokanyaga.

Wa tatu ni Bi Mwanahija wa Tanga, mwenye ulimi. Alipokea wagonjwa dirishani kwenye zahanati, akitukanwa tangu asubuhi na watu wenye homa na foleni ndefu. Aliyekuja akifoka aliondoka akimwombea dua, na mara nyingine alirudi kesho yake na mkungu wa ndizi.

Watatu hao hawajawahi kuketi chumba kimoja. Walikutana Ng'ambo. Ng'ambo, kwa wasioijua, ni mchezo wa simu. Watu huingia kutoka kila panapozungumzwa Kiswahili, wakalima, wakawinda kwa makundi, wakajenga nyumba, na wakaongea kwa sauti zao wenyewe kupitia maiki. Sasa, wanapoongea watu wengi wasioonana uso, mnajua wenyewe kinachofuata. Mtu ni mpole kazini, mpole kanisani, hata kuku wa jirani hamfukuzi, lakini akiingia Ng'ambo mdomo wake haushikiki. Aliyechelewa kurusha mkuki aliitwa mzigo. Aliyekosea njia aliitwa mzigo. "Mzigo, kufa basi tuanze upya!" ndiyo ilikuwa salamu ya huko, na watu walicheka, mchezo ukaendelea.

Ndiyo maana wakawekwa wasimamizi, ambao wachezaji waliwaita mgambo. Watatu wetu walikuwa mgambo wa kijiji kiitwacho Ukunguni. Aliyetukanwa alipiga kengele, na kengele ilihifadhi kipande cha sauti ya lile tusi. Jina lililopigiwa kengele nyingi liligeuka jekundu. Na kila Jumamosi alasiri ilinyesha Mvua Kubwa. Mvua ikilikuta jina lingali jekundu, jina linafutwa na nyumba yake inayeyuka, ukuta na paa na kila kilichomo, isionekane tena.

Jambo moja la mwisho mlijue, halafu niwaache muogope vizuri. Huko Ng'ambo mlango wa mwenzio haufunguki mpaka useme hodi kwa sauti yako, na aliye ndani aseme karibu. Na mwenye nyumba akipenda, huuwekea mlango salamu ya kumpokea mtu anayemtaka. Mtu huyo akigusa kitasa, mlango unamsemesha kwa sauti ya mwenye nyumba na kumfungukia.

Sasa twendeni Mbinga, kwa Devota Kapinga.

Devota alikuwa na kaka, Gervas. Gervas aliugua ugonjwa uliomla nguvu za mikono kidogo kidogo, akawa hawezi kushika jembe, halafu akawa hawezi kushika kikombe, lakini kidole gumba kilimtii hadi karibu na mwisho. Kwa kidole hicho alijenga nyumba Ukunguni, juu ya mgongo wa kilima, yenye mlango wa mninga. Alipokwisha kuimaliza akafa. Devota alipoingia mara ya kwanza baada ya mazishi, akagusa kitasa, mlango ukasema:

"Karibu, Devo. Vua viatu."

Alipiga kelele, mama yao akatoka jikoni mbio. Devota akagusa kitasa tena. "Karibu, Devo. Vua viatu." Mama akasimama pale pale kwenye sakafu ya saruji. Halafu akainama, akavua kandambili zake, akaketi.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa walikwenda kumtembelea. Devota aliweka simu kwenye stuli, akagusa kitasa, na mama akavua kandambili. Najua hapo kuna mjanja anayesema moyoni, si angerekodi kwa simu nyingine? Alirekodi. Mama alisikiliza mara moja, hakuvua kitu. "Hiyo ni simu inaongea," alisema. "Mimi namtaka yule wa mlangoni." Mtu akikwambia hivyo kuhusu mwanawe, utamjibu nini?

Ilikuwa Jumapili, ukungu umeshuka Mbinga hadi mlango wa nyumba ya jirani hauonekani, Devota alipoingia Ukunguni akakuta watu wanamkimbia. Mwanamke mmoja aliyezoea kulima naye alifunga dirisha. Devota akamwita. Yule akajibu bila kufungua.

"Kaka yako alikuja jana."

"Kaka yangu amekufa, dada. Ulikuja kwenye matanga, tukawasha taa hapa hapa."

"Nilikuja ndiyo. Na jana alipiga hodi kwangu. Nikajua ni nyinyi mmeingia na jina lake, nikasema karibu. Ni yeye, Devota. Aliniambia, 'Mzigo wewe, utakufa lini tupumue?' Mimi kosa langu ni lipi?"

Devota akafungua orodha ya waliomo mchezoni. Jina la Gervas lilikuwa linawaka, na lilikuwa jekundu.

Akapanda kilima. Ndani ya mchezo nako kulikuwa na ukungu, na katikati ya ukungu alimwona. Alikuwa anatembea juu ya mgongo wa kilima, amevaa kofia ya bluu ambayo Devota mwenyewe alimchagulia kaka yake. Devota alihisi mikono imemwisha nguvu, akafikiri, ndivyo na Gervas alivyokuwa anajisikia katika ugonjwa wake.

"Gervas?"

Mtu yule akasimama. Hakugeuka.

"Mzigo huyo," ilisema sauti ya Gervas, sauti yake kabisa, na kikohozi chake kidogo mwishoni. "Mwacheni nyuma huyo, anatuchelewesha."

Simu ilimponyoka Devota, ikaangukia kwenye ungo wa kahawa alizokuwa anachambua mama. Alipoiokota, akakimbilia ndani ya nyumba ya kaka yake na kujifungia. Hatua zikasikika nje kwenye changarawe. Zikafika mlangoni, zikakoma.

"Hodi," ilisema ile sauti. "Hodi, wenye nyumba."

Devota alifungua mdomo. Mnajua hodi ilivyo kwetu, mtu akibisha ulimi unajibu kabla ya akili. Mama akamziba mdomo kwa kiganja chenye vumbi la kahawa, wakakaa hivyo, wanasikiliza. Hodi ikaja tena, taratibu, ya mtu mwenye adabu. Halafu hatua zikaondoka.

"Huyo si Gervas," alisema mama.

"Mama, ni sauti yake."

"Sauti ni yake. Lakini mwanangu lini amepiga hodi nyumbani kwake? Yule alikuwa anaingia na kuuliza chakula kiko wapi."

Basi Devota akaenda kwa mgambo, na mbele ya kijiji kizima akatoa ahadi. Kila nyumba ya Ng'ambo ina funguo mbili, mmoja wa mwenye nyumba na mmoja wa mwenzi wake. Ule wa mwenzi hutolewa mara moja tu, haurudishwi na haugawanyiki, na aliye nao huhesabiwa mtu wa nyumba hiyo. Wa Gervas haukuwa umetolewa.

"Mvua ni Jumamosi," alisema Devota. "Nyumba ikiyeyuka, mama yangu hana tena pa kumsikia mwanawe. Atakayeiokoa, ufunguo wa pili ni wake. Nimesema mbele yenu wote."

Wa kwanza kushika kazi alikuwa Nasimiyu. Alizikusanya sauti zote zilizohifadhiwa na kengele, akavaa spika za masikioni, akasikiliza tangu asubuhi watoto wakiwa shule hadi waliporudi. Devota alikuwa naye kwenye maiki, akisubiri. Mara Nasimiyu akasema, "Huyu mtu havuti pumzi."

"Unasemaje?"

"Skiza. Anatukana, anatukana, anamaliza, anaanza tena. Hakuna mahali amevuta pumzi. Hata kile kikohozi ni kimoja, kimerudiwa." Akashusha sauti. "Mimi nimefunza watu kupumua miaka mingi, Devota. Hii imenitia baridi."

Hiyo, akaeleza, ilikuwa sauti iliyopikwa na programu. Mtu anailisha maneno ya marehemu aliyoyarekodi, inajifunza, halafu anaandika chochote na yenyewe inasema. Lakini neno moja lilikuwa tofauti. Kila palipokuja hodi, kabla yake palikuwa na pumzi. Hodi ilikuwa ya Gervas mwenyewe, alipokuwa hai. Nasimiyu akairudisha hodi ile mpaka mimi mwenyewe ningeichukia, na nyuma yake akasikia mlango unakwaruza, wa chuma. Ukunguni nzima milango ni ya mbao au mianzi, isipokuwa michache ya chuma, kwa kuwa chuma lazima ukichimbe.

"Gervas alisema hii hodi kwa mlango wa mtu," alisema Nasimiyu. "Huyo mtu ndiye alimrekodi. Ni nani, sijui. Masikio yangu yamefika mwisho."

Akaingia Kasembe. Alipanda juu ya mnara wa mlinzi na kukaa huko akitazama miguu. Yule mwenye kofia ya bluu alizunguka kijiji kila alasiri, akipiga hodi hapa na pale, akitukana, na Kasembe hakumsogelea. Alimwangalia tu anavyovuka daraja. Kila alipolifikia, yule mtu alirudi hatua moja nyuma, akaruka.

"Unaona?" alimwambia Devota. "Zamani daraja lile lilikuwa na kasoro, ukilikanyaga kawaida linakutupa mtoni. Lilishatengenezwa zamani sana. Ila mguu ukishafundishwa, umefundishwa."

Baada ya hapo akakaa kwenye daraja akiwangoja wenye milango ya chuma, mmoja mmoja. Wengine wote walipita kama watu. Mmoja alirudi hatua moja nyuma, akaruka. Jina lake mchezoni lilikuwa Bati.

Devota alipolisikia jina hilo alikaa chini. Bati alikuwa Onesmo. Alisoma na Gervas tangu darasa la kwanza, walitoroka naye kwenda kuogelea, na aliwahi kulala kwao majuma mazima mpaka mama akamchapa naye kama wake. Siku hizi alikuwa Chunya, anaendesha lori mgodini. Gervas alipoanza kuugua alimpa neno lake la siri, awe anamwagilia mashamba yake mchezoni siku mikono inapogoma. Na Devota, ambaye naye alilijua neno hilo, alipolijaribu sasa halikufungua. Lilikuwa limebadilishwa.

"Nipe ruhusa nimfute leo hii," alisema Kasembe. "Kadi nyekundu, akaoge."

"Ukimfuta Bati, jina la Gervas linabaki jekundu vile vile," alisema Devota. "Neno la siri analo yeye."

Kasembe aliijua sheria ya Ng'ambo. Jina jekundu halisafishwi mpaka aliyelitumia asimame chini ya kengele kuu, aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba ni yeye. Macho hayawezi kumlazimisha mtu kusema.

Jumamosi ikafika. Mawingu ya mchezoni yalikuwa yameanza kujikusanya nyuma ya kilima Bi Mwanahija alipokwenda kusimama katikati ya daraja, peke yake. Devota alikuwa anasikiliza, maiki yake imezimwa, mama yuko ubavuni. Ukungu ukafunguka kidogo, na mwenye kofia ya bluu akatokea.

"Hujambo, mwanangu," alisema Bi Mwanahija.

"Mzigo," ilijibu sauti ya Gervas.

"Nimesikia. Endelea."

"Goigoi. Mikono yako imetengenezwa kwa uji?"

"Nimesikia, baba. Endelea."

Hakupiga kengele. Hakumwambia nyamaza. Sauti ya marehemu ikamwaga yote, tusi juu ya tusi, bila pumzi hata moja, na Bi Mwanahija akapokea kama apokeavyo dirishani. "Wamlete mwingine, huyu ameoza." "Kama unaumwa nenda hospitali, usituharibie mchezo." "Kufa basi tuanze upya." Na hapo Devota akaanza kuelewa. Maneno haya aliyajua. Alikuwa ameyasikia yakitoka kwenye simu ya kaka yake, kitandani, katika miezi ile ya mwisho, na Gervas akijifanya anacheka. Yule mwanamke aliyefunga dirisha naye alikuwa amewahi kumwambia Gervas lile lile aliloambiwa. Kila aliyepigiwa hodi alikuwa amerudishiwa la kwake.

Mwisho sauti ikasema, polepole kuliko mengine yote, "Zima maiki, mwanangu. Mchezo ni mchezo."

Bi Mwanahija hakusema "nimesikia". Nyuma ya kilima ngurumo ya kwanza ikapita.

"Hilo ni langu," alisema Bi Mwanahija. "Alipiga kengele kwangu. Kanieleza watu wanavyomfanyia, mie foleni ndefu, kichwa chaniuma, nikamwambia hivyo. Sikumuuliza hata kama yu mzima. Hilo ni langu, mwanangu, na sikulisema kwa mtu yeyote mpaka leo."

Halafu, kwenye maiki, kwa mara ya kwanza, ikasikika pumzi. Mtu alivuta pumzi, ikamkwama, akavuta nyingine. Na sauti iliyotoka haikuwa ya Gervas.

"Nilitaka kumsikia tu," alisema Onesmo. "Mwanzo ilikuwa hivyo, Bi. Niliitengeneza iniite jina langu. Halafu nikaingia huku, nikakuta wale wale wanacheza, wanacheka, kama hakuna aliyekufa. Alikuwa amenisimulia kila neno mlilomwambia. Nikasema, basi na wao wamsikie."

"Na wamemsikia. Sasa mvua yaja, na nyumba ya mwenzio itakwenda na maji kwa mkono wako. Mamake yumo humo. Twende kwenye kengele, baba. Mimi nitasimama na wewe, nami niseme la kwangu."

Wakaenda. Onesmo akasema ni yeye, kijiji kizima kikisikia, na Bi Mwanahija akasema lake baada yake. Watu hawakuzomea. Wengi walikuwa wanatazama chini, na mnajua kwa nini. Onesmo akaifuta ile sauti aliyoipika, akamkabidhi Devota neno la siri, na jina la Gervas likarudi kijani matone ya kwanza yakigonga mabati. Mvua ikanyesha juu ya kilima na nyumba haikuhama. Devota akagusa kitasa. "Karibu, Devo. Vua viatu." Mama alikuwa ameshavua zamani.

Jumapili watatu wakaja mlangoni kwa ajili ya ufunguo, na hapo ndipo urafiki ulipotaka kuingia mchanga.

"Bila masikio yangu mngekuwa bado mnakimbia jini," alisema Nasimiyu. "Na nikisema ukweli, nataka mahali pa kukaa ambapo hakuna mtu anapiga kelele. Hii ndiyo nyumba pekee Ukunguni imejengwa na mtu hakuwa na hasira."

"Masikio yako yalifika kwenye mlango wa chuma yakasimama," alisema Kasembe. "Jamani, nani aliyemtaja mtu kwa jina? Na nilikuwa na uwezo wa kumfuta nikajisifia kijiji kizima. Nikajizuia kwa ajili ya nyumba hii."

"Nyote mna haki," alisema Bi Mwanahija. "Lakini mngekuwa na jina lake tu mkononi, na maji yangepita. Mie ndiye niliyemleta kwenye kengele."

"Na wewe ndiye uliyemfukuza Gervas alipokuja kulia," alisema Kasembe.

"Kweli. Ndiyo maana nautaka. Nije nimwombe radhi kila Jumapili, si mara moja."

Devota alishika ufunguo, hajui pa kuupeleka. Kila alipomtazama mmoja alimwona na mwingine nyuma yake.

Na hapo, kwenye changarawe, hatua. Wote wakageuka. Hakuwa na kofia ya bluu. Alikuja kwa jina lake la Bati na miguu yake, akasimama mbali.

"Hodi," alisema Onesmo, kwa sauti yake mwenyewe.

Kasembe alishika kengele. Devota hakusema karibu. Hasira ilimpanda mpaka machozi, akauliza, "Mbona siku ile hukuingia? Ulikuwa na jina lake, mlango ungekufungukia. Kwa nini ulibisha ukaondoka?"

"Niliogopa kuingia kwake, Devo. Aliponiambia nyumba imekwisha, njoo uione, nilisema kesho. Nikasema wiki ijayo. Kila siku yeye ndiye aliyekuja kwangu. Miguu yangu mimi, kwa jina langu, haijawahi kufika mlangoni hapa. Sikuja kuomba ufunguo. Niguse kitasa tu, niondoke."

Devota alimtazama mama. Halafu akasogea pembeni, na Onesmo akapanda ngazi, akagusa kitasa.

Mlango ukasema. Ulivuta pumzi kwanza. Nasimiyu aliisikia, akashika kifua.

"Karibu, Ones," ilisema sauti ya Gervas. "Umechelewa. Chai imepoa."

Salamu ile ilikuwa pale muda wote, imewekwa na kidole gumba cha mtu anayekufa, ikimngoja rafiki aliyepita nje ya mlango huo kila alasiri akiwa amevaa jina lisilo lake. Kutoka kwenye maiki ya Chunya ilisikika mtu mzima analia. Na kule Mbinga mama aliinuka kwenye stuli, miguu mitupu, akaenda jikoni, akawasha moto na kubandika birika.

Ninyi mliokaa hapa, hapo ndipo nilipoiacha. Watatu wamesimama mlangoni, na wa nne yuko kwenye ngazi. Nasimiyu alisikia, na asingesikia wangeendelea kukimbia mzimu. Kasembe aliona, na asingeona wasingejua wamwendee nani. Bi Mwanahija alisema, na asingesema nyumba ingekuwa matope, ingawa naye alikuwa na neno lake katika yale yaliyomuumiza marehemu. Na Onesmo ndiye aliyeileta balaa yote, lakini ndiye pekee kati yao ambaye mwenye nyumba alimkaribisha kwa mdomo wake.

Ahadi ilitolewa mbele ya watu. Ufunguo ni mmoja, haurudishwi na haugawanyiki. Devota ameunyoosha mkono. Je, ungekuwa wewe, ungeuweka kwenye kiganja cha nani?

Haya, semeni. Mmoja mmoja, na kila mtu kwa sauti yake mwenyewe.